Fundi Umeme Huitwa Mwisho

Ukiona Land Rover ya miaka ya tisini inapanda kilima cha Bugando bila moshi mweusi nyuma yake na bila dereva kuhangaika na gia, usiwape sifa zote Waingereza walioiunda. Sikiliza mlio. Mara nyingi chini ya boneti ile kuna injini ya Toyota, iliyochomolewa kwenye gari lililopinduka huko barabara ya Shinyanga au iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imefungwa mikanda juu ya kichanja cha mbao. Mwanza hakuna anayegeuza shingo kuitazama. Ni gari la kazi: leo limebeba saruji, kesho samaki, na Jumamosi limefungwa riboni limebeba maharusi.

Habari za magari haya zikifika kijiweni husimuliwa kwa upande wa chuma. Nani alichomelea viti vya injini, nani aliunganisha gia boksi ya huku na difu ya kule, nani alifupisha shafti. Fundi injini ndiye anayepewa sifa. Lakini kinachoamua kama gari litafika Sengerema au litalala Usagara hakinyanyuliwi kwa winchi. Ni waya. Na mtu anayezielewa waya hizo, fundi umeme, huitwa mwisho kabisa, fedha ya tajiri, mwenye gari, ikiwa imekwisha na subira yake imetangulia kwisha.

Sababu ya kuunga gari namna hii ni ya mfukoni. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, haiozi kama mabati ya magari mengine, na chesi yake ikitunzwa hudumu hadi watoto wa mwenye gari waendeshe. Kiwanda cha Solihull kiliacha kuunda Defender ya umbo lile la zamani Januari 29, 2016. Anayetaka kuagiza gari kuukuu kutoka nje anakutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ule wa ziada wa uchakavu kadiri gari linavyozidi umri, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya yote. Ukipiga hesabu hiyo, bodi iliyopo uani ikipewa injini nyingine inaanza kuonekana ni mali.

Waingereza wenyewe walilijua jambo hili zamani, na kwao pia kodi ilikuwa na mkono. Kuanzia 1957 kampuni ya Lotus ya Colin Chapman iliuza gari dogo, Lotus Seven, likiwa vipandevipande, mteja alifunge mwenyewe nyumbani, kwa sababu gari la vipande halikutozwa kodi ya mauzo iliyotozwa gari zima. Mwanya huo ulizibwa VAT ilipoanza kule mwaka 1973, lakini watu wakawa wameshaonja. Mpaka leo wako wanaonunua fremu tupu, wakatafuta Ford kuukuu, wakaitoa injini, ekseli na waya, wakajitengenezea gari lao gereji ya nyuma ya nyumba. Kwao ni burudani ya wikiendi. Huku kwetu ni riziki, na anayechelewa kumaliza anaulizwa mizigo itabebwa na nini.

Niweke pembeni jambo moja hapa. Afrika Mashariki ikizungumzia kuunda magari, kamera hukimbilia kule kwenye utepe wa kukatwa. Kenya ilizindua Nyayo Pioneer mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kikaonyesha gari la umeme Kiira EV mwaka 2011, kwetu Masoud Kipanya, mchoraji katuni, akazindua gari lake la umeme Machi 2022. Kila moja lina haki yake ya kusifiwa. Ila kazi ya kulifanya gari moja limee ndani ya gari lingine inaendelea kila siku Nyakato, Igogo na Mabatini, na sijaona waziri akienda kuikatia utepe.

Zamani kidogo kazi hii ilikuwa nyepesi kwa upande wa umeme. Injini ya dizeli kama 1HZ ya Land Cruiser, silinda sita, lita 4.2, haidai mengi: waya ya stata, waya za altaneta, za plagi za kupashia joto, mbili tatu za kupeleka habari ya joto na oili kwenye dashibodi, na moja inayofungua mafuta kwenye pampu. Hiyo ya mwisho ukiipa volti 12 injini ina uhai, ukiikatia inazima. Fundi yeyote mwenye taa ya kupimia aliimaliza kazi kabla ya chai ya saa kumi. Ndiyo maana wazee wengi wa gereji bado wanaapa kwa dizeli za namna hiyo, na kwa hilo siwabishii.

Lakini dizeli hizo sasa zina bei ya dhahabu ya Geita. Injini za petroli zenye kontroli boksi ndizo zinazopatikana kirahisi, na hizo zinakuja na hesabu nyingine.

Land Rover niliyoifuatilia mimi ni Defender 110, ilikuwa na injini yake ya dizeli ya 300Tdi ikafa kwa kuchemsha. Gari la kuchinjwa lilikuwa Toyota Hilux Surf yenye 3RZ-FE, petroli, silinda nne, lita 2.7, iliyopinduka ubavu mmoja ukasagika lakini injini ikabaki salama. Vyote viwili vilivutwa hadi kwenye gereji moja Nyakato, vikaegeshwa chini ya mwembe.

Tajiri alipomleta fundi umeme, aliyekuwa mzee kidogo wa miwani iliyofungwa kwa uzi, swali lake la kwanza halikuhusu injini.

“Waya mmezikata?”

“Bado, mzee wangu. Tulikuwa tunasubiri msumeno.”

“Msumeno upelekeni kwa seremala.”

Swali hilo lina historia. Injini nyingi zinazouzwa madukani zinafika waya zikiwa zimekatwa pale zinapopenya ukuta kati ya injini na dereva. Kontroli boksi hukaa ndani, nyuma ya dashibodi upande wa abiria, na anayechomoa injini kwa haraka haoni sababu ya kufungua dashibodi nzima. Anapitisha koleo. Ameokoa nusu saa yake, na amemwachia mtu mwingine ncha sitini zinazofanana. Kuna wauzaji wanaoisukuma injini hiyo na kontroli boksi wameifunga kwa mpira juu yake, kana kwamba ukaribu unatosha.

Surf ile ilikuwa nzima kwa upande huo, na mzee akaitumia fursa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Kabla ya kufungua bolti hata moja aliomba betri, akaiwasha injini ikiwa bado kwenye gari lake lililopinda. Rejeta ilikuwa imepasuka, kwa hiyo aliiacha iungurume kwa muda mfupi tu, akaizima ipoe, akaiwasha tena. Kila ilipowaka alikuwa anachomoa soketi moja: ya kiyoyozi, ya breki za ABS, ya vioo vya umeme, ya redio. Injini ikiendelea kuunguruma, soketi hiyo inafungwa utepe wa karatasi na kuandikwa “haina kazi.” Injini ikizima, inarudishwa na kuandikwa jina lake. Kijana wake, aliyetoka chuo cha VETA si muda mrefu, alikuwa anapiga picha kwa simu kila hatua. Kwa njia hiyo gari lenyewe ndilo lililotoa orodha ya waya linazozihitaji, kabla mtu hajaanza kubishana na michoro.

Michoro nayo ipo. Toyota ilichapisha vitabu vya mchoro wa umeme vya magari yake, na kurasa zake siku hizi zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi, nyingine zimefifia kiasi cha kukisia. Rangi zinaandikwa kwa herufi: B ni nyeusi, W nyeupe, R nyekundu, na buluu imepewa L kwa kuwa B ilikwisha chukuliwa. Waya yenye herufi W-B, nyeupe yenye mstari mweusi, ni ethi. Ukishika hiyo kwenye Toyota ya miaka ile umeshika chini.

Tatizo ni kwamba Land Rover inasema lugha nyingine. Kwa mpangilio wa Kiingereza, nyeusi ndiyo ethi. Kahawia ni moto wa betri usiokatika. Nyeupe ni moto unaokuja ukifungua swichi. Kijani ni huohuo ukishapita kwenye fyuzi. Buluu ni ya taa kubwa na nyekundu ni ya taa ndogo. Kwenye Toyota nyeusi mara nyingi hubeba moto. Sasa mpe kazi hiyo kijana anayeunganisha kwa rangi, nyeusi kwa nyeusi, halafu washa swichi ukiwa umesimama mbali. Mzee alimkataza kabisa msaidizi wake kutaja rangi pekee. Ilikuwa lazima aseme waya inatoka wapi na inakwenda wapi, ndipo aguse.

Mzigo mzima wa waya ulitolewa bila kukatwa ukalazwa juu ya bao lililowekwa kwenye mapipa mawili, ukashikiliwa kwa misumari kila unapojigawa. Tepu ya zamani ilikuwa imeyeyuka ikawa gundi; waliibandua kwa vidole na kufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kwa kuwa wembe huchana ganda la waya na jeraha lake huonekana mvua ya kwanza inaponyesha. Kisha ikaja kazi ya kupunguza. Mita imewekwa kwenye mlio, ncha moja kwenye soketi ya kontroli boksi, nyingine inatafuta upande wa pili. Ikilia, jina linaandikwa. Waya isiyo na kazi inafuatwa hadi mwanzo wake na kutolewa nzima. Haikatwi katikati na kuachwa ining'inie. Ilichukua siku nyingi kuliko alivyotaka tajiri, na mzigo uliotoka ulikuwa kama nusu ya ule ulioingia.

Kilichobaki kinaweza kuelezwa kwa mtu wa kawaida bila kumchosha. Kontroli boksi inataka moto wa kudumu wa kutunza kumbukumbu, ambao tundu lake limeandikwa BATT. Inataka moto wa swichi, IGSW. Ikishaupata, inaivuta yenyewe relei kuu kupitia M-REL, na relei hiyo ndiyo inayoirudishia moto wa kufanyia kazi, +B. Sensa nyingi inazilisha volti tano kupitia VC na kuzipokea kupitia E2, ambayo ni ethi ya sensa peke yake na haitakiwi kuchanganywa na ethi za nozeli na koili. Ukielewa mlolongo huo, nusu ya uchawi wa kontroli boksi umekwisha.

Gia ilileta kizuizi chake kidogo. Surf ilikuwa otomatiki na Land Rover ni ya manyu. Kwenye otomatiki moto wa stata hupitia swichi ya gia boksi, ili gari lisiwake likiwa kwenye D. Gia boksi ile haikuwepo tena, kwa hiyo stata ingekaa kimya milele mpaka waya hizo mbili ziunganishwe. Wapo waliobadilisha stata tatu kwa kutojua hilo.

Palipomchukua mzee muda mrefu ni pampu ya mafuta, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Tangi la Land Rover ile ya dizeli halina pampu ya umeme ndani. Injini ya petroli ya kisasa inataka mafuta yenye msukumo wa takriban bar tatu, basi pampu ikawekwa, na njia ya kurudishia mafuta pia. Njia ya mkato, inayotumika gereji nyingi, ni kuipa pampu moto wa moja kwa moja kutoka kwenye swichi. Gari litawaka na mteja ataondoka akitabasamu. Toyota haikufanya hivyo. Iliweka relei ambayo huruhusu pampu kufanya kazi wakati stata inazungusha au injini inapozunguka tu. Injini ikisimama, pampu inasimama, hata kama swichi imeachwa wazi. Fikiria gari limepinduka, bomba la mafuta limekatika, dereva amezirai na ufunguo uko palepale. Kwa njia ya mkato, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto hadi tangi likauke.

“Hii hapa ilipinduka na haikuungua,” mzee alisema akiipigapiga kofi Surf iliyosagika. “Tuitoe relei kwa nini?”

Fundi injini, aliyekuwa amekaa juu ya tairi akila muwa, alijibu kwamba magari yote aliyounga yeye yana pampu ya moja kwa moja na hakuna lililoungua. Wakaachana hapo. Nami naona mmoja wao alikuwa anahesabu yaliyokwisha kutokea tu.

Ethi ni jambo la pili lenye kuleta maafa kimyakimya. Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo yenyewe haijagusana na chesi. Chesi ni ya chuma, bodi ni ya alumini, na pale bolti ya chuma inapokutana na alumini kwenye unyevu huota ungaunga mweupe usiopitisha umeme. Mwanza, na upepo wake wa ziwa, unyevu si wa kutafuta. Usipofunga waya nene kutoka kwenye injini hadi kwenye chesi, na nyingine kutoka chesi hadi betri, umeme wa stata, ambao ni ampia mia na zaidi, utajitafutia njia: kebo ya mafuta ya mguuni, kebo ya spidi, hata waya nyembamba ya sensa. Mafundi wamebadilisha kebo zilizoungua bila kuelewa zimeunguaje. Mzee alikwangua rangi mpaka chuma king'ae, akafunga bolti, akapaka grisi juu, na ethi zote za kontroli boksi akazileta sehemu moja kwenye injini yenyewe, kama zilivyokuwa kwenye Surf.

Maungio yake yote aliyachoma kwa risasi, akayavika mpira wa kusinyaa kwa joto. Tabia hiyo, aliniambia, hakuipata kwenye magari. Aliipata Mwaloni. Wavuvi wa dagaa walipoanza kuacha karabai na kuhamia taa za betri, walihitaji watu wa kuwafungia waya kwenye mitumbwi, na ndani ya mtumbwi ungio la kusokota na kufunga tepu halimalizi giza moja la mwezi. Mvuvi ambaye taa zake zimezima katikati ya ziwa usiku amepoteza mafuta, chambo cha mwanga na mgao wa watu wote waliomo, na asubuhi anakuja kukutafuta ulipo. Gereji ya nchi kavu ina subira zaidi, ndiyo maana ina maungio mabaya zaidi.

Siku ya kuwasha, watu walijaa. Injini ilizunguka, ikashika, ikaunguruma vizuri, na tajiri akamtuma mtu kwa mayu, yule mama wa pale kando, akalete soda za wote. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, ikagoma. Ikawaka kwa shida, ikakohoa. Minong'ono ikaanza: kontroli boksi imekufa, inunuliwe nyingine. Hiyo ndiyo hukumu ya kawaida, na imewatajirisha wauza kontroli boksi wengi.

Mzee hakubishana. Alichukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili kwenye kisanduku cha uchunguzi, TE1 na E1, akafungua swichi bila kuwasha injini, akakaa kuitazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikamweka mara mbili, ikatulia, ikamweka mara mbili tena. Namba 22: sensa ya joto la maji. Aliichomoa sensa akaipima. Ikasoma karibu kiloomu mbili, sawa na inavyotakiwa kwa maji yasiyopashwa moto. Sensa ilikuwa nzima. Akageukia soketi yake, akaimulika kwa tochi ya simu. Pini moja ilikuwa imerudi nyuma milimita chache, haigusi. Toyota ikikosa jibu la sensa hiyo hujifanya maji yana nyuzi 80, ili gari lisikwame njiani. Injini ikiwa imeshapata moto hutaona kasoro. Ikiwa baridi, inapewa mafuta ya injini ya moto, nayo inakohoa. Pini ikasukumwa mahali pake kwa sindano, ikabana.

Mita za dashibodi zilimaliziwa kwa haraka. Mshale wa joto wa Land Rover unataka sensa ya Land Rover, kwa hiyo alichongewa kiungo ili sensa hiyo iingie kwenye tundu la Toyota. Taa ya chaji iliunganishwa. Mshale wa mafuta bado unasema uongo kidogo tangi likiwa robo, na mwenye gari amekubali kuishi nao. Kadi ya gari nayo inataka kurekebishwa, maana ina namba ya injini na ile iliyomo sasa siyo. Wengi huliahirisha hilo mpaka siku wanapotaka kuuza, au wanapokutana na askari mwenye muda.

Mzee alikuwa anachora muda wote huo. Kwenye daftari la shule la kurasa 48 aliandika kila waya: jina, rangi ya upande wa Toyota, rangi ya upande wa Land Rover, fyuzi ya ampia ngapi, ungio liko wapi. Alisema nakala itakaa kwenye gari, ndani ya mfuko wa nailoni, kwa ajili ya fundi wa Magu au Bunda atakayelikuta limezima na hajawahi kuliona. Kwa desturi ya gereji zetu hilo ni jambo la ajabu. Mafundi wengi hulinda kazi zao kwa kutoandika, ili gari lirudi kwao tu.

Yakaja malipo. Tajiri alikuwa amemlipa fundi injini kwa kazi nzima, bei moja iliyokubaliwa mwanzo. Kwa fundi umeme alitaka kuhesabu siku, na katika siku hizo alitaka kuondoa zile ambazo, kwa maneno yake, mzee alikuwa amekaa tu na bao anabandua tepu.

“Siku hizo ndizo gari lenyewe, tajiri,” mzee alisema. “Hizi nyingine nilikuwa nafunga bolti.”

Walivutana mpaka soda zikaisha gesi. Fundi injini, jambo ambalo sikulitarajia, alichukua upande wa mzee. Tajiri akakubali bei, akatoa nusu pale pale, nusu nyingine akaiahidi Ijumaa. Mzee alimpa ufunguo. Daftari alilirudisha mfukoni mwake, akasema nalo litapatikana Ijumaa.